Swali la Kumi na Nne

Damari alikuwa mfinyanzi wa vyungu kandokando ya ziwa, na kwa mwaka mzima taya lake la kulia lilikuwa likigonga kama mlango mbovu. Siku nyingine linanasa kabisa, kidole hakipiti mdomoni. Alhamisi hiyo alikuja kituo cha afya na mumewe, Sadoki, kwa sababu bingwa wa taya kutoka Mbeya angefika kesho yake, na nafasi zilikuwa chache.

Aliyekuwa akichagua wagonjwa ni Lusungu, kijana anayetibu meno hapo kituoni. Alikuwa na karatasi ya maswali kumi na manne. Kila jibu lina namba yake, kuanzia sifuri kwa "hapana kabisa" hadi nne kwa "kila mara". Anayezidi ishirini ndiye atakayemwona bingwa.

"Mwezi huu, mama, taya limekuzuia kula?"

"Hapana, mwanangu. Namshukuru Mungu."

"Limekukosesha usingizi?"

"Nalala."

"Limekuzuia kufanya kazi?"

"Vyungu vinatoka."

Walipomaliza, Lusungu alijumlisha, kisha akajumlisha tena. "Sita," alisema. "Kwa karatasi hii, mama, wewe ni mzima."

Damari alichanganyikiwa. Alikuja ameshika shavu, na hakusema uongo hata neno moja. Mtu akikuuliza hali, unajibu njema kwanza. Mengine yanafuata polepole, kama yapo. Ndivyo alivyolelewa. Hakujua kwamba karatasi haisubiri hayo mengine.

"Mzima?" Sadoki alicheka. "Daktari, muulize amekula nini leo."

"Uji," alisema Damari.

"Na jana?" aliuliza Lusungu.

"Uji. Na ndizi za kuponda."

"Tangu Pasaka," Sadoki alidakia. "Hata mimi, mwenye meno yangu yote, nakuzwa kwa uji kama mtoto mchanga."

"Lakini hukuniuliza nakula nini," Damari alimwambia Lusungu. "Uliniuliza kama nazuiwa. Sizuiwi. Vyakula vigumu nilikwisha kuviacha."

Lusungu aliweka kalamu chini. "Kosa ni langu. Nilipaswa kukuuliza umeacha mangapi hata ukaweza kusema huzuiwi. Tuanze upya. Na wewe, mzee, unyamaze. Jibu ni la mgonjwa mwenyewe."

Wakaanza upya. Nyama hagusi. Usingizi anaupata, ila kwa kulala upande mmoja, kichwa kimefungwa kitambaa. Sokoni, mpwa wake Nancy ndiye anayeita wateja. Harusi ya ndugu yake Beatrice kule Ikolo hakwenda. Alisema mguu unamuuma.

"Mguu?" Sadoki alisahau kunyamaza. "Nami nilikukanda siku mbili."

"Ulikanda vizuri," alisema Damari.

Lusungu aliinamia karatasi asionekane akicheka. "Tumefika ishirini, mama. Limebaki swali moja. Kwa sababu ya taya hili, umeona maisha yako hayana raha kama zamani?"

Damari aliitazama karatasi. Jumapili iliyopita alisimama mbele ya kanisa zima akatoa shukrani kwa kila jambo. Akisema leo maisha hayana raha, zile shukrani zilikuwa nini? Akisema hapana, anarudi kwenye uji. Miezi mingi ameomba apone. Pengine karatasi hii ndiyo jibu la Mungu. Pengine ni jaribu. Alijitahidi kutofautisha, akashindwa. Yote mawili yameandikwa kwa wino uleule.

"Kuna namba ya mtu asiyejua?" aliuliza.

"Hakuna, mama."

Akafumba macho.

"Unaumwa?" Lusungu aliuliza.

"Naomba. Ngoja."

Wakangoja. Sadoki alivua kofia. Hakuna sauti iliyomjia Damari, si ya kukataza wala ya kuruhusu. Alisikia tu taya likipwita karibu na sikio. Akafumbua macho.

"Mungu aliliona jibu langu kabla yako," alisema taratibu. "Andika mbili."

"Mbili maana yake ni mara kadhaa…"

"Naelewa. Usinisomee."

Lusungu aliandika, akampa kadi ya kumwona bingwa kesho saa tatu asubuhi.

"Ndaga," Damari alishukuru, akaikunja kadi ndani ya kanga.

Nje, Sadoki alikuwa amechangamka. "Umeshinda, mama watoto."

Damari alitembea nyuma yake. Alianza sala ya shukrani, na kabla hajafika katikati aliona anaomba msamaha. Akarudi kwenye shukrani, ikampotea tena. Mwishowe hakujua ameimaliza ipi, akasema amina kwa zote mbili.