Shairi Lililopandishwa Kigodani

Watu wa mtaa walimwita Malenga, na yeye hakuwakataza. Kazi yake ilikuwa kwenye duka la uchapaji, kutunga maneno ya kadi: za harusi, za pole, za kumpongeza mtoto aliyefaulu na za kumtia moyo aliyefeli. Mteja akitaja jina la bibi harusi, Malenga anafumba macho, anatikisa kalamu, na kabla chai haijapoa bibi harusi ameshakuwa tausi, lulu na mwezi kwa pamoja. Bwana harusi hapewi chochote. Bwana harusi huwa ndiye anayelipa.

Balaa lilimkuta kwenye msiba wake mwenyewe. Mkewe alipofariki, Malenga alisimama kaburini akasoma beti mbili. Mashangazi wakalia, wazee wakatikisa vichwa. Binti yake, aliyekuwa anakaribia kumaliza sekondari, hakulia. Alimtazama baba yake kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Beti zile alizijua. Zilikuwa za kadi ya pole, ile yenye ua jeupe pembeni, ambayo dukani inatoka sana.

"Ulimsomea mama kadi ya watu," alimwambia baadaye, akiwa anafua, wala hakugeuka.

Malenga alitaka kusema kwamba siku ile kichwa kilikuwa kitupu, na maneno yaliyokuja ni yale yaliyozoea kuja. Hata hayo hayakutoka. Tangu hapo, baba na binti wakawa wanazungumza habari za chumvi na funguo tu.

Ndipo kikundi cha sanaa cha vijana kilipopata ukumbi. Lilikuwa bohari la zamani la mbegu. Wakapaka kuta, wakapanga mabenchi, wakagonga jukwaa la mbao za makreti. Kiongozi wao aliitwa Kocha kwa sababu kabla ya maigizo alifundisha netiboli, na mpaka leo aliongoza mazoezi akiwa na filimbi shingoni. Alimwomba Malenga shairi la siku ya kufungua ukumbi.

Binti yake alikuwa mwanachama. Malenga akapiga hesabu zake: atamtungia mkewe shairi jipya kabisa, binti atalighani mbele za watu, na hapohapo mtoto atajua kwamba mama yake alipendwa. Mpango hauna kasoro. Akatunga beti kumi na mbili, vina vimekaa kama meno ya bandia.

Alichokuwa hakijui ni kigoda.

Kikundini mle, maneno yoyote mapya hupandishwa kigodani. Unapanda, unasema mstari mmoja, na yeyote aliyekaa chini ana ruhusa ya kuuliza: "Umeona wapi?" Kama umeona kwa macho yako, mstari unabaki. Kama hujaona wewe lakini mwenzako ameona, unashuka, anapanda yeye. Kama hakuna aliyeona, mstari unakwenda zake na haurudi.

"'Tausi wa nyumba yangu,'" alianza Malenga, kifua mbele.

"Umeona wapi?" aliuliza mpiga ngoma, kijana waliyemwita Spika kwa kuwa hata akinong'ona anasikika barabarani.

"Tausi?"

"Ndiyo, mzee wetu. Mimi nimezaliwa hapahapa. Nimeona bata."

"Hiyo ni sitiari, kijana."

"Sitiari tunazijua, mzee, tumezijibia mitihani," alisema Kocha kwa heshima zote. "Tunauliza umeona wapi."

Hakuwa ameona. Tausi akashuka.

"'Macho yake mwezi mpevu...'"

"Mama alivaa miwani," alisema binti kutoka benchi la nyuma. Hakusema kwa hasira, alisema kama anayesahihisha anwani. "Kioo kimoja kilikuwa na ufa. Alikuwa anainamisha kichwa hivi, ili aukwepe."

Malenga alisimama juu ya kigoda akiutafuta ufa huo kichwani mwake. Miwani aliikumbuka. Ufa hapana. Akajitahidi kumwona mkewe, na aliyekuja ni tausi amevaa miwani.

Basi ikawa hivyo kila mazoezi. Lulu ikashuka. Waridi likashuka. Sauti ya kinanda iliondoka na kicheko, maana binti alieleza kwamba mama yake akiimba jikoni jirani alikuwa anafunga dirisha. Malenga akaacha kuhofia shairi, akaanza kuhofia ndoa. Alikuwa ameishi na nani mle ndani? Dukani mambo yakamchanganyikia, akampa bwana harusi mmoja maneno ya pole. Bwana harusi akayasoma taratibu mpaka mwisho, akasema yako sawa.

Mwishowe uvumilivu ukamwishia. "Nirudishieni shairi langu," alimwambia Kocha.

"Lipi?" aliuliza Spika, na hakuwa anatania. "Kumebaki mstari mmoja."

Mstari wenyewe ulikuwa huu: "Ulinisubiri mlangoni hadi jua likazama." Malenga aliuchomeka kwa sababu ubeti ule ulitaka kina cha "ma" na "salama" ilikuwa imeshatumika. Alipanda kuusema ili ushuke kama wenzake, naye aende zake nyumbani. Kabla mtu hajauliza, binti akasema, "Hiyo nimeona."

"Umeona nini?" alisema Malenga.

"Mama, mlango wa mbele. Kila jioni. Mimi ndiye niliyekuwa namtolea kiti."

Maisha yake yote ya ndoa Malenga alirudi nyumbani kwa mlango wa uani, na kila aliporudi alimkuta mkewe jikoni, amempa mgongo, anakoroga sufuria. Sasa huyo wa kwenye kiti alikuwa nani? Na kama huyo wa kwenye kiti ndiye mkewe, aliyekuwa anakoroga ni nani? Akawaza kuuliza. Lakini baba anaanzaje kumuuliza mtoto habari za mke wake? Kocha akapuliza filimbi, mazoezi yakaisha.

Siku ya kufungua ukumbi, mabenchi yalijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kocha aliamua kwamba shairi la mstari mmoja litasemwa na mtunzi mwenyewe, juu ya kigoda, kwa utaratibu uleule, ili wageni waone kikundi kinavyofanya kazi. Spika alikaa pembeni na ngoma, tayari kuitwanga shairi likimalizika.

Malenga akapanda. Akausema mstari.

Binti akasimama kwenye benchi la mbele. "Umeona wapi?"

Jibu lilikuwa jepesi. Angesema "nyumbani kwangu" watu wangepiga makofi, mstari ungebaki, na mkewe angekuwa na shairi. Mle ndani hakukuwa na wa kumbishia ila mmoja, na huyo mmoja alikuwa akimtazama kwa macho yaleyale ya kaburini.

"Sijaona," alisema Malenga. "Niliutia ili vina vikae."

Ukumbi ukanong'ona. Shairi lilikuwa limekwisha bila kubaki hata neno. Malenga akaanza kushuka, mguu mmoja ukipapasa sakafu.

"Nimeona mimi," alisema binti. "Nipishe, Baba."

Akapanda. Malenga akabaki amesimama chini, hajui aende benchi lipi.

"Alikuwa anafuta miwani, anakaa," binti alisema. "Ukichelewa, na sisi hatuli. Tukisikia komeo la uani, anakimbilia jikoni, anashika mwiko, kama mtu ambaye hajatoka pale tangu asubuhi."

"Kwa nini?" aliuliza Malenga.

"Hapa juu nipo mimi, lakini jibu wewe kwanza. Kwa nini ulikuwa unapitia uani?"

"Viatu."

"Viatu?"

"Vina wino wa dukani. Sakafu ya mbele mama yako alikuwa anaisugua kwa mkono, amepiga magoti. Nikaona nisimchafulie."

"Ulimwambia?"

"Nilidhani anajua."

"Alidhani unamkwepa, akaficha kwamba anakungoja ili asikuudhi."

Mtu mmoja benchi la tatu alicheka, akagundua yuko peke yake, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Malenga hakuelewa kama amejitetea au amejikaanga. Miaka yote ile, mmoja mbele na mwingine nyuma ya nyumba ileile, na kila mmoja alikuwa anafanya hisani.

"Mimi pia nilidhani hivyo," alisema binti, sasa kwa sauti ndogo. "Ulikuwa unavivulia wapi?"

"Uani, chini ya karo, pale pa kuoshea vyombo. Nilikuwa navipangusa kwa gazeti, ila havikutakata." Akawatupia jicho watu wa madirishani. "Unataka nieleze na hilo? Hapa?"

"Endelea."

Malenga akaendelea. Alieleza habari za gazeti, za soksi, za kusimama uani kwanza ili pumzi itulie, asije akaonekana amekimbia. Hakuna neno lililofanana mwisho na jingine. Spika alikuwa ameinua fimbo zote mbili juu ya ngoma. Alimtazama Kocha, Kocha akamtazama binti, binti akamtazama baba yake, na baba yake, mwenye shairi, hakuwa na habari kama limekwisha au ndiyo kwanza linaanza.