Kurasa Nne za Sol

Marcelline, msusi wa soko la Kadutu, alikuwa amesuka nusu ya kichwa cha Martine wakati mapile, zile betri za radio yake ya kaseti, yalipoanza kuchoka. Sauti ikawa inavuta kama ya mtu mwenye usingizi. Aliyatoa yote manne, akayapanga juu ya bati yapigwe na jua, akaweka mengine manne yaliyokwisha kupata moto. Mapile mapya hakuyafikiria. Bei ya asubuhi haikuwa bei ya saa sita, na ile ya saa sita mwenye duka aliitaja huku akitazama pembeni. Jua la Kadutu lilikuwa bado la bure.

"Rudisha pale ku maji," Martine alisema, kichwa chake kikiwa kati ya magoti ya msusi.

Marcelline aliirudisha kaseti kwa kuizungusha na kalamu ya biki, maana kuirudisha kwa radio kunakula mapile. Akaitia tena. Sauti yake mwenyewe ikatoka, kavu, ya haraka, juu ya gitaa lililokuwa likijirudia-rudia:

*Mu Kadutu maji inapanda na kichwa ya mama,*
*robine iko na kutu, iko na vumbi mu koo,*
*ajenti anafika kukamata franga ya maji.*
*Maji gani, papa? Utuonyeshe maji!*

Wauza maharagwe wa mstari ule waliitikia ule msemo wa mwisho bila hata kuinua macho. Walikuwa wakiusikia mwezi wa pili sasa.

Kundi lilikuwa la watu wawili, Marcelline na Cirhuza, mpakia mizigo wa bandarini, nalo liliitwa Mabati Mbili. Ngoma waliitengeneza bila ngoma. Cirhuza aliazima radio ya pili, akaiweka kando ya ile ya Marcelline, akachukua sekunde nne za gitaa la zamani, akazirekodi, akasimamisha, akarudisha, akarekodi tena, mara sitini na moja, mpaka zikashikana bila kuonyesha mshono. Kisha walisema maneno yao juu yake katika darasa moja la parokia. Mwenye radio ya pili alikuwa amekwisha rudi nayo kwao Walungu. Hawakuweza tena kuinakili, kaseti ikabaki moja tu.

Na leo ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi saa kumi, Jean-Baptiste, mtangazaji wa redio, alikuwa akiwapa vijana wa mji dakika tano. Mabati Mbili waliingoja zamu yao tangu kabla ya Noeli. Atakayekosa, zamu inakwenda kwa wengine, na wengine walikuwa makundi kumi na nane. Cirhuza alishuka tangu asubuhi kwenda kukaa mlangoni pa redio asije mtu akawapita. Marcelline angemaliza kichwa hiki, kisha ashuke na kaseti.

"Mwenye hii mashine ni nani?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamume wa abakosti, ile koti ya kiserikali isiyovaliwa tai, iliyopauka mabegani, na mkoba wa ngozi kwapani. Jina lake Papa Adalbert, wa ofisi ambayo watu wa soko waliiita Biro ya Nyimbo.

"Ni ya kwangu, papa."

"Takse ya kupigisha muziki mbele ya batu. Ya mwaka. Nionyeshe karatasi."

"Takse ya nini? Hii wimbo ni yetu. Ule mwenye anasema mule ni miye. Sikia sauti."

Papa Adalbert aliinamisha sikio kwenye radio, kisha akamtazama Marcelline mdomoni.

"Inafanana," alikubali. "Lakini sheria iko vile. Tunakamata takse, tunagawia batunzi."

"Bon. Mutunzi njo miye. Unigawie."

Wauza maharagwe walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

"Uko na karte ya memba?"

"Apana."

"Basi hauko mutunzi."

Akaichukua radio, kaseti ikiwa ndani bado inazunguka, akaondoka nayo huku inaimba kwapani mwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyelipwa mshahara miezi saba, na tofauti kati ya hao wawili huwa ndogo.

Marcelline alisimama. Martine naye akasimama. Alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa maneno machache, na kesho yake nyumbani kwao walikuwa wanapokea wageni wa mahari ya mdogo wake.

"Na kichwa yangu?"

"Unigojee hapa, dada."

"Nikugojee na nusu ya kichwa, sawa kuku ya kunyonyoa? Kamata kitana. Tunaenda wote."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa ngazi. Walipoingia, Papa Adalbert alikuwa ameketi nyuma ya meza, amevaa miwani, na radio iko juu ya kabati nyuma yake, imezimwa.

"Karibuni, basitwayeni," alisema. Neno hilo la kuitana raia, la enzi ya chama kimoja, lilikuwa limeachwa miaka mitatu iliyopita, lakini yeye ulimi wake haukuwa umepata taarifa. "Shida yenu ni nini?"

"Papa, umetoka kunikamatia radio sasa hivi."

"Ile ilikuwa mu soko. Huku unaanza dosye upya."

Basi wakaanza faili upya. Martine aliketi kwenye benchi, Marcelline akasimama nyuma yake akaendelea kusuka, kwa sababu mikono isiyofanya kitu ilimtia hofu zaidi. Papa Adalbert alisoma kanuni kwa kidole. Mtunzi aliyeandikishwa halipi takse kwa wimbo wake. Ili kuandikishwa anahitaji picha mbili, maneno ya wimbo, na nota.

"Nota gani?"

"Nota za muziki. Do, re, mi. Juu ya karatasi. Bila nota, miye nitajuaje kama ni muziki?"

"Ungewasha radio, ungesikia," Martine alisema.

"Maman, sheria haina masikio."

Picha Marcelline alikuwa nazo, za kitambulisho. Maneno aliyaandika hapo hapo akiwa amesimama. Nota hakuwa nazo, wala Cirhuza, wala mtu yeyote aliyewahi kupiga muziki wa namna ile kati ya Kadutu na daraja la Ruzizi. Saa ya ukutani ilisema saa sita na nusu.

Mtu mmoja tu alimjia kichwani. Mwalimu Placide alifundisha darasa la tano na kuongoza korali ya parokia, na Marcelline alikuwa amemtoroka tangu Pasaka ya mwaka juzi, bila kuaga, katikati ya mazoezi ya misa. Walimkuta darasani peke yake, anakula fufu baridi na sambaza, dagaa wa ziwani, kutoka kwenye bakuli.

"Karibu, mupotevu."

"Aksanti, mwalimu. Nimekuya kukuomba nota."

"Ulisema nota zinakufunga."

"Nilisema, mwalimu."

"Bon." Alifunika bakuli, akaosha vidole, akagonga kile chuma chake cha kutafutia sauti kwenye ukingo wa dawati. "Sema hayo maneno yako."

Marcelline alisema. Mwalimu aliandika ubaoni kwa chaki, akinong'ona, "Sol. Sol. Tena sol. Sol. Hapa ku 'utuonyeshe' umepanda mpaka la. Umerudi sol." Akashusha pumzi kama mtu aliyetarajia kazi ngumu akakuta ya mtoto. Kisha akarudi kuandika mapigo, nota ipi ndefu na ipi fupi, na hapo ndipo chaki iliposimama.

"Rudia."

Alirudia. Mwalimu alipiga mguu chini, akapotea, akafuta kwa mkono wa shati.

"Rudia. Unaingia wapi? Pigo imekwisha kupita."

"Ninaiacha ipite, mwalimu, kisha ninaifuata."

"Na haukosee?"

"Nikikosea Cirhuza ananitukana."

Walirudia mara tisa. Martine, kichwa kikiwa na matuta upande mmoja na msitu upande wa pili, alisogezwa na mwalimu na kuambiwa ashike mapigo kwenye dawati, naye akayashika. Saa nane na nusu mwalimu alikuwa amejaza kurasa nne za karatasi yenye mistari, kwa wino, mwandiko wa misheni: sol, sol, sol, na juu ya kila sol alama ndogo ndogo zimejazana kama sisimizi juu ya sukari. Marcelline alimshukuru. Mwalimu alikuwa anaitazama kazi yake mwenyewe kwa namna ya kukasirika.

"Miaka kumi na tisa," alisema, "niko naomba basoprano ba korali bahesabu mpaka ine. Enda. Utachelewa."

Ofisini, Papa Adalbert alihesabu kurasa kwanza. Kisha akazisoma. Uzuri wake au ubaya wake ni kwamba alijua kuzisoma. Zamani alipuliza tarumbeta katika fanfare, bendi ya shule.

"Sol," alisema. Akageuza ukurasa. "Sol. Sol. Sitwayeni, umeniletea sol kurasa ine."

"Iko na la," Martine alisema. "Fasi moja."

"Muziki inapanda, inashuka. Hii haipande, haishuke. Hii ni kusema tu. Siwezi kuandikisha kusema."

"Basi kama haiko muziki, takse ya muziki ni ya nini? Umurudishie radio yake."

Papa Adalbert alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu akatabasamu kwa utulivu wa mtu aliyeona mlango.

"Maman iko na haki."

Akatoa karatasi nyeupe, akaandika polepole, akaisukuma mbele ya Marcelline pamoja na kalamu. Ilisema kwamba aliyetia sahihi hapa chini anakubali kuwa kazi ya kundi Mabati Mbili si muziki.

"Unatia sahihi, unakamata radio, haulipe hata kuta moja ya pesa. Kopi moja inabaki huku, moja inashuka ku redio."

"Ku redio? Juu ya nini?"

"Bao ba redio banapitishaka muziki tu. Lazima bajue."

"Ao?"

"Ao unalipa takse, na inabaki muziki."

Saa tisa na robo. Takse ilikuwa bei ya vichwa vitatu, yaani unga, mafuta na sabuni ya juma zima kwa nyumba ya watu sita. Mama yeyote mwenye akili angemwambia atie sahihi, achukue kaseti, akimbie. Dakika tano za leo zingemkuta hewani kabla kopi haijashuka. Marcelline aliliona hilo. Alishika kalamu. Alisoma tena yale maneno mawili, si muziki, na jina la kundi kando yake, akafikiria vidole vya Cirhuza mara sitini na moja.

Akaiweka kalamu chini.

"Nitalipa. Lakini mu risiti utaandika: muziki."

"Ni kawaida kuandika."

"Uandike yote. Muziki ya Mabati Mbili."

Hakuwa na pesa hizo. Alimgeukia Martine, na Martine akawa amekwisha fungua fundo la kikwembe, kitenge chake cha kiunoni. "Ni ya kichwa yangu," alisema, "na ya bichwa bibili bya badada zangu. Utabasuka kesho asubui." Akaweka mezani noti moja mpya kabisa, ya milioni tano.

Papa Adalbert aliondoa mikono mezani.

"Hii pesa mupya siikamate. Batu banaikatala mu soko."

"Papa, hii ni pesa ya serikali."

"Ninajua."

"Na weye njo serikali."

Alitazama ukutani, pale palipobaki misumari na alama nyeupe ya picha ya rais iliyoondolewa. Mwishowe aliivuta noti kwa ncha za vidole. Karatasi ya kaboni ilikuwa imekwisha tangu Januari, kwa hiyo aliandika risiti tatu kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko mzuri. Muhuri ulikuwa umekauka. Aliuhemea mara tatu. Alipomkabidhi Marcelline radio, zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja, na kutoka Kadutu mpaka redio hata mtu mwenye miguu ya mbuzi angehitaji nusu saa.

Walikimbia. Mvua ya jana ilikuwa imeifanya njia kuwa sabuni. Marcelline aliibeba radio kichwani, mkono mmoja juu, viatu mkononi. Martine alikuwa nyuma yake na kikwembe mdomoni, nywele za meshi zisizosukwa zikimpiga usoni. Watu waliwapisha, wakidhani wanafukuzwa na wanajeshi.

Walikuwa Nyawera, nusu ya njia, mbele ya duka la vitambaa, waliposikia sauti ya Jean-Baptiste kutoka kwenye redio ya mwenye duka. Marcelline alisimama ghafla.

"...Mabati Mbili, kwa bahati mbaya, hawana kaseti. Lakini kuna kijana wao hapa anayesema haondoki. Haya, kijana."

Ngumi ikapiga meza: moja, mbili, na ile ya tatu inayochelewa. Cirhuza alianza. Hakukuwa na gitaa. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa bandarini, na neno moja alilimeza, lakini alisema mistari yake minane yote, ya magunia na ya mgongo, mpaka mwisho. Halafu akanyamaza, na ngumi ikaendelea.

Mwenye duka alitikisa redio yake. "Imekufa?"

"Haijakufa," Marcelline alisema. "Hapa ni fasi yangu."

Cirhuza alikuwa anamwekea. Mji mzima, kutoka Bagira mpaka ng'ambo ya Ruzizi, ulikuwa unasikiliza meza ikipigwa na hakuna mtu. Marcelline aliacha pigo lipite, akalifuata. Alianza kusema pale pale barabarani, radio kichwani, matope mpaka magotini, akiitazama redio ya mwenye duka kama mtu anayetazama mwenzake machoni. Msichana wa mihogo alisimama. Wanaume wawili waliokuwa wakivuta mkokoteni waliuweka chini.

Kwenye mstari wa tatu, ngumi ilikatika.

"Aksanti, kijana," Jean-Baptiste alisema, "nadhani imeisha. Na sasa matangazo. Familia ya marehemu—"

Marcelline hakukoma. Hakuwa na pigo lolote tena isipokuwa lile la kwake. Alisema mstari wa nne juu ya tangazo la kilio, wa tano juu ya kitambulisho kilichopotea. Mwenye duka alimtazama, akaitazama redio, akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio.