Sikio la Bénita

Wewe unayelea mutoto, umeshamuuliza jambo akakutazama tu, mpaka ukadhani masikio yake yamekufa?

Mimi nilidhani hivyo. Sikio la kushoto la Bénita, binti wa mwanangu Darius, lilikuwa linatoa usaha wa manjano, wenye harufu. Kila nilipomuuliza kama linauma, kimya. Basi nikamvalisha sweta yake nyekundu, nikamfunga kitambaa juu ya pamba, tukatoka kwetu Murara kwenda kituo cha afya.

Muganga Olive alishika tableti yake. "Bénita, uko darasa la ngapi? Papa iko wapi siku hizi?"

Bénita akatazama vidole vya miguu yake.

"Amekuwa kiziwi, mama," nikasema.

Olive akazunguka nyuma yake, akaninong'oneza mimi bibi yake: "Koko, ukimununulia huyu beignet, mimi ndiye nitaikula."

Bénita akageuka mbio. "Mutu mukubwa hivi, na andazi ya mutoto!"

Tukacheka, hata yeye kidogo. Kisha akafunga mdomo tena.

"Kumbe unasikia! Unanitesa sababu gani?" Nilitaka kumfokea, lakini mwili wake ulikuwa moto. Nikakaa naye kwenye benchi, nikamshika mkono, nikangoja.

Alipoanza kusema, hakumtazama Olive, alitazama ile tableti.

"Siku ya chanjo uliniuliza papa iko wapi. Nikakuambia iko Kiwanja, anauza maharagi karibu na parking ya motari, wale wa pikipiki. Halafu mabwana wa ofisi wakakuja kwetu. Walijua maharagi. Walijua na parking."

Nikawakumbuka. Wawili, viatu vinang'aa, wakimuulizia Darius, niliwapa chai na ndizi. Siku hizi za vita mwanaume aliye mbali na nyumba yake huulizwa yuko upande wa nani, hata kama anauza maharagi tu. Nilimtumia Darius habari, akatoka Kiwanja, na mpaka leo halali mahali pamoja. Nami nilimshuku jirani yangu Marie-Louise, nikaacha hata kumuomba moto wa kuwashia makala. Kumbe muda wote huo mutoto alikuwa anajiona yeye ndiye aliyemuuza baba yake.

"Si wewe, Bénita," Olive akamwambia, sauti imeshuka. "Ofisi ya usalama iliomba habari za watoto wote. Mukubwa wetu akazituma. Mimi sikuuliza ni za kufanyia nini. Unisamehe."

"Na hii ya leo, nayo itatumwa?" nikamuuliza.

Aliangalia tableti kidogo, akaizima, akaitia ndani ya droo. Akanawa mikono, akachukua tochi yake ndogo, akapiga goti mbele ya mutoto.

"Sasa niambie wewe mwenyewe. Unataka nini?"

Bénita alinitazama. Nikamwachia mkono, maana hilo halikuwa swali langu. Akafungua kitambaa polepole, akatoa pamba, akaikunja kunja mkononi.

"Nataka sikio ipone," akasema. "Mambo ya papa, usiniulize tena."