Kaj Iliyomponyoka Ljerka

Ljerka Bosnar aliimba kila kitu, ilibaki matanga yake mwenyewe tu. Alianza na jazi kwenye hoteli za Zagreb, binti mbichi, gauni la kuazima. Jazi ikachuja, akavaa suruali ya ngozi akaingia kwenye roki, mapadri wakamsema mpaka basi. Roki nayo ikazeeka. Akashuka pwani, mji wa Split, akaimba nyimbo za watu wa bahari miaka thelathini na ushei, hadi wakamwita binti yao. Wakishalewa, lakini. Asubuhi alikuwa tena yule mama wa kutoka bara. Watu wa Split hao, ukizaliwa hata kilima cha pili tu, wanakuuliza unarudi lini kwenu.

Na kwao ni Zagorje, kwenye vilima na mizabibu. Wakroati, ukitaka kumjua mtu katoka wapi, msikilize anavyosema "nini". Zagorje ni kaj. Pwani ni ča. Kaneno kadogo namna hiyo, lakini watu wananuniana harusi nzima kwa ajili yake.

Mama yake, Mungu amrehemu, alikufa na dukuduku moja: "Mtoto wangu kaimba kwa vinywa vya watu wote, cha mama yake kinamtia aibu." Basi kijijini walipotangaza tamasha la nyimbo za kaj, Ljerka hakungoja kubembelezwa. Magoti yamekwisha, sauti imebaki nusu, akapanda basi. Alitaka jambo moja tu: aimbe ule wimbo mama aliouimba akipalilia mizabibu, na watu wa pale waseme, huyu wetu.

Alimkuta dada yake mkubwa, Barica, jikoni, anatandaza unga wa štrukli mezani, mwembamba kama shela, tayari kutiwa jibini.

"Dada, utatoboka huo."

"Wewe na unga wapi na wapi? Miaka hamsini unakula hotelini." Barica hakuinua macho. "Utaweza lakini?"

"Nimeimba mbele ya marais mimi!"

"Sijakuuliza marais. Nimekuuliza utaweza."

"Kaj nimeinyonya, Barica."

"Uliinyonya, ndiyo. Ukaitema."

Ljerka akacheka. Barica hakucheka.

Jumapili baada ya misa ukumbi wa zimamoto, palipofanyiwa tamasha, ulijaa mpaka madirishani. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, wallahi, vizuri sana. Wazee walivua kofia. Barica, kiti cha mbele, alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, midomo inafuatisha maneno.

Ubeti wa pili binti wa kwenye wimbo anamuuliza mama yake, nifanye nini na moyo huu. Nini. Ljerka akafumba macho, akafungua kinywa kwa uchungu wote aliokuwa nao, ikatoka ča.

Kinywa kina mazoea yake, jamani. Huwezi kukituma pwani miaka yote ile kisha ukakidai siku moja.

Wazee wakatazamana. Halafu jamaa mmoja wa nyuma, bilauri ya mvinyo mkononi, akapaza sauti: "Ee mama! Samaki umetuletea?"

Kicheko hicho! Na Ljerka, kazi imeshamuingia kwenye damu, akajibu kabla hajafikiri: "Nimeleta, baba, ila nyie wa milimani mmechelewa. Umebaki mkia!"

Wakapiga makofi, wakapiga meza. "Wa bahari! Tuimbie wa bahari!" Yeye aliinua mkono, alitaka kuurudia ule ubeti, ubeti mmoja tu. Lakini mpiga kodiani, kijana mwenye heshima zake, alidhani ndiyo ishara, akaanza wimbo wa Split. Ukumbi ukaupokea. Afanyeje? Akaimba. Akaimba vizuri kuliko alivyowahi kuuimba huko Split, watu wakasimama juu ya viti, na makofi yale yalimwingia kama mchanga machoni.

Mwishoni wakapanga foleni kupiga naye picha. Shangazi, bibi, mama mwimbaji, tazama huku! Akatabasamu kwa mmoja, kwa mwingine. Alipogeuka kwa aliyefuata, alikuwa Barica, koti limefungwa vifungo vyote.

"Na mimi, bibi mwimbaji," Barica akasema, sauti ya upole kabisa. "Nikawaonyeshe majirani siku tulipotembelewa na mgeni wa pwani."

"Barica, usinifanyie hivyo."

"Tazama kule, bibi. Anapiga."

Ljerka akatazama. Akatabasamu.