Mlango wa Obwocha

Tangu Obwocha ateketee ndani ya nyumba yake kule Gesima, baba yake, Mzee Nyamongo, hakulitaja tena jina la mwanawe. Jeneza lilipigiliwa misumari, hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia, likashushwa shimoni, basi. Majirani waliokimbilia moto walimkuta mzee amesimama uani anaita, anaita, na paa linaporomoka. Wapo waliosema mlango ulikuwa umeshaliwa na moto. Na wapo wengine, Mungu azihurumie ndimi zao, waliosema mzee alishikwa na miiko hata mbele ya moto.

Mzee akawa mtu wa kukaa tu. Ugali unapoa mbele yake, chai yake inachumwa na wengine, yeye hana habari. Mogire, kitinda mimba wake, alipokwenda nyumbani kutoka Kisii mjini, alimkuta palepale alipomwacha, na roho ikamuuma. Alitaka jambo moja tu: baba amwone Obwocha mara moja, amlilie, yaishe. Lakini jamani, utamwonyeshaje mtu aliye chini ya udongo?

Akaja Dev. Huyu alikuwa mwana wa Dinesh, mwenye duka la vitabu na fotokopi ambako Mogire alikuwa mpiga chapa. Alikuwa amerudi kutoka Uingereza na diski ya gemu. Gemu yenyewe wote wawili waliijua tangu shuleni: wewe ni askari, hujioni, unaona mikono yako na bunduki tu, unapita vyumbani ukipiga mazimwi. Ila hii ilikuwa imeundwa upya kabisa. Zamani kuta zilikuwa kama maboksi ya sabuni. Sasa kuna mbingu, kuna majani, kuna kivuli mlangoni. Na walioiunda walikuwa wameacha njia ya mtu kujijengea nyumba zake mwenyewe humo ndani.

Mogire akajenga kwao. Wenzake wakienda kula mchana, yeye yuko kwenye kompyuta, anapanda migomba nyuma ya jikoni, anateremsha chai hadi mtoni, anasimamisha nyumba ya baba, kisha, karibu na lango, nyumba ya Obwocha na mlango wake wa bluu. Mazimwi yote akayafuta. Akabakiza moja, akalivika picha ya harusi ya Obwocha aliyoipitisha kwenye skana: suti, ua kifuani, meno nje, anacheka.

"Unajidanganya, Mogire," Dev akamwambia. "Hii gemu haina mtu wa kusalimiana. Ukiweka mtu, ni adui."

"Atakaa tu ndani. Mradi bunduki isilie, hatikisiki."

"Si uitoe hiyo bunduki?"

"Nimejaribu. Haitoki."

Kumtoa mzee Gesima ilikuwa kazi ya kung'oa kisiki, lakini alikuja. Akavua kofia, akasalimiana na Dev, akakalishwa mbele ya kioo cha kompyuta. Mogire akamwekea mkono juu ya kipanya, akamwonyesha vitufe vya kwendea. Mzee akaanza kutembea, akigonga ua huku na huku kama mlevi, halafu akatulia.

"Hii ni migomba yangu," akasema. "Na hapo ni jikoni kwa mama yako."

Mogire alitaka kupiga kelele kwa furaha. Mwaka mzima mzee hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Akamwongoza taratibu hadi mlango wa bluu. Hapo mzee akasimama.

"Ingia, Tata. Yuko ndani."

"Niingie wapi? Nyumba ya mtoto wangu aliyeoa?"

Lo! Mogire akajishika kichwa. Kajenga, kapaka rangi, kapima hadi urefu wa dirisha, na hilo hakulikumbuka! Kule kwao baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ndiyo chinsoni, heshima ya tangu na tangu, hata mtoto anayechunga mbuzi anaijua. Mji ulikuwa umemtia ujinga.

"Ni picha tu, Tata."

"Ni picha ya mlango wa nani?"

Mogire akautazama ule mlango wa bluu alioupaka mwenyewe.

"Mwite atoke," mzee akasema.

"Haitwi. Anatoka akisikia mlio wa bunduki tu."

"Hii?" Na kabla Mogire hajamshika mkono, mzee alikuwa amebonyeza.

Mlango ukafunguka. Obwocha akatoka mbio na suti yake ya harusi, anacheka.

"Obwocha," mzee akasema. Alilitaja! Machozi yakamlenga Mogire. Halafu Obwocha akamfikia baba yake, akamrarua kwa makucha ya zimwi, na kioo kikawa chekundu.

"Tata, piga! Bonyeza tena!"

"Nimpige Obwocha?"

"Basi kimbia!"

"Mwache anipige," mzee akasema. Mkono wake ulikuwa umetulia tuli. "Mimi ndiye niliyesimama nje."

Akararuliwa tena, na tena. Kisha askari akaanguka, kila kitu kikalala upande. Ikabaki nyasi na viatu vyeusi vya bwana harusi. Dev akageuza uso, akaanza kupanga karatasi zilizokwisha pangwa.

"Nisamehe, Tata," Mogire akasema. "Naifuta. Sasa hivi naifuta."

Mzee akausukuma mkono wake pembeni, bila ukali.

"Umeona lakini? Nimemwita, ametoka."

Akauliza kitufe cha kuanzia upya ni kipi. Mogire akakataa kumwambia; mzee akakitafuta mwenyewe, akakipata. Safari hii hakutazama migomba wala jikoni. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni, akafyatua, akangoja.