Pampu ya Pili

Masikio yangu yalianza kuniacha miezi minne kabla ya siku ya ile pampu, na sikumwambia mtu. Sikumwambia mke wangu, ambaye kila nikipandisha sauti ya televisheni yeye anaipunguza. Sikumwambia kaka yake, shemeji yangu, ambaye ndiye mwenye gereji na ndiye aliyeniajiri kwa sababu ya masikio hayo hayo. Nina miaka hamsini na minane. Mtu wa umri huo akisema hasikii, ataambiwa akapumzike nyumbani, na mimi nyumbani sijui nitafanya nini zaidi ya kugombana na televisheni.

Gerejini kwetu gari haliondoki mpaka nilisikilize. Hata kama limekuja kubadilishwa balbu. Naweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini naukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nafumba macho. Kisha naketi kiti cha abiria, tunafunga vioo, tunazunguka mtaa mmoja. Nikisema "nenda," linaenda. Wateja wanapenda sana mambo haya. Wananiita Daktari, na wapo wanaopita gereji nne zenye mitambo ya kisasa ili waje wanione nimefumba macho. Mwaka jana shemeji alinunua kompyuta ya kupimia magari ya umeme, nikamwambia aifungie kabatini isije ikaharibika kwa vumbi. Alicheka akaifungia kweli.

Asubuhi hiyo dada yangu mdogo aliingia na vani yake ya umeme ikitambaa. Kazi yake ni kuwapeleka wagonjwa wa figo hospitali kusafishwa damu na kuwarudisha makwao. Alikuwa amewafikisha kwa tabu, taa nyekundu ya joto ikiwaka, gari limejipunguzia nguvu lenyewe, waendesha baiskeli wanampita.

"Kaka, saa tisa alasiri natakiwa niwe mlangoni kwao," alisema. "Wako sita. Wakitoka pale miguu haina nguvu, hata kusimama barabarani hawawezi."

"Tulia. Kazi ya saa moja hiyo."

Mimi magari ya umeme siyapendi, na siku hiyo nilikuwa nimechoka kabla sijashika spana. Gari lisilo na injini ni kama mtoto asiyelia, utajuaje anaumwa wapi? Lakini betri nayo hupata homa, kwa hiyo kuna pampu ndogo, ukubwa wa ngumi, inayozungusha maji ya kupoza kutoka kwenye betri kwenda kwenye rejeta na kurudi. Pampu ikifa, gari linagoma kukimbia lisije likajiunguza. Nikavaa glavu nene za mpira, kwa sababu nyaya za rangi ya chungwa zinazopita jirani na pampu hazina mchezo. Nikamwambia dada awashe. Nikaweka bisibisi, nikafumba macho.

Kimya.

"Imekufa," nikasema, na shemeji akapiga simu dukani papo hapo. Hakuuliza mara mbili. Hajawahi kuniuliza mara mbili.

Pampu mpya ilifika saa tano. Nikachomoa plagi inayokata umeme mkubwa, nikaitia mfukoni ili asije mtu akairudisha mimi nikiwa chini, nikasubiri dakika kumi kama inavyotakiwa. Nikabana mipira ya maji kwa koleo, nikaweka beseni, maji ya rangi ya waridi yakanimwagikia mpaka kwenye kwapa. Boliti tatu, na ya tatu imejificha mahali ambapo aliyeibuni hajawahi kuingiza mkono wake. Mgongo ukaniuma, magoti yakaniuma, nikatukana kimoyomoyo watu wa kiwandani na vizazi vyao. Nilipomaliza kujaza maji nikarudisha plagi, dada akawasha, nikaweka bisibisi.

Kimya tena.

"Wametuuzia maiti," nikasema.

Shemeji hana sauti ya taratibu. Aliwaka kwenye simu mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Aliwaita watu wa dukani wezi, akawaambia fundi wake hajakosea hata siku moja kwa miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa nafuta mikono kwa tambara, nafuta, nafuta, mikono ilishakauka zamani. Ndani yangu kuna kitu kilisema: hebu subiri. Nikakinyamazisha. Nilikuwa na hakika ya sikio la kushoto. La kulia nilishalizika, lakini la kushoto nilikuwa nalo bado, ndivyo nilivyojiambia.

Walileta nyingine saa saba, na kijana wao wa pikipiki akasema bosi wake amekasirika sana. Nikarudi chini. Safari hii sikutukana mtu, nguvu zenyewe za kutukana sikuwa nazo. Dada alikuwa ameketi kwenye usukani mlango ukiwa wazi, anaangalia saa ya simu yake kila baada ya muda.

"Washa," nikamwambia.

"Nimewasha."

Nikafumba macho. Nikashikilia pumzi. Nikasikia damu yangu mwenyewe ikipita kichwani, basi.

"Washa bwana!"

"Kaka, nimewasha. Si inavuma hiyo?"

"Nini kinavuma?"

"Hiyo pampu. Hata ile ya kwanza ilikuwa inavuma hivyo hivyo." Aliteremka, akaja mbele, akainama karibu yangu. "Nilidhani nyinyi mafundi mnasikiliza kitu kingine, ndani zaidi. Sikutaka kuingilia kazi ya mtu."

Nilimkaripia. Nilimwambia maneno ambayo hayana kazi hapa, ya kwamba yeye ni dereva, akaendeshe. Mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe. Alinyoosha mkono, akanivua glavu ya kulia kama anayemvua mtoto soksi, akakichukua kidole changu akakiweka juu ya pampu.

Ilikuwa inatetemeka. Mtetemo mwembamba, sawasawa, wa kitu kizima kinachofanya kazi yake.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo lote, na niliketi sakafuni kwenye maji yale ya waridi. Kwenye magari ya dizeli sivai glavu. Kwa miezi minne mkono wangu ndio ulikuwa unafanya kazi, unahisi injini kupitia mpini wa bisibisi, na mimi nafumba macho najisifia sikio. Siku nilipovaa mpira, mkono nao ukanyamaza. Pampu mpya ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili nzima. Hata ile niliyoing'oa asubuhi nikaitupa kwenye ndoo ya chuma chakavu ilikuwa nzima.

"Kaka," dada alisema, karibu na sikio la kushoto, "nitamwambia shemeji kulikuwa na waya umelegea. Hakuna atakayejua."

Alikuwa anamaanisha. Angedanganya uso mkavu kwa ajili yangu, halafu jioni angelia chumbani kwake. Nilimwita shemeji, nikamwomba ufunguo wa kabati.

Kompyuta ilituambia ndani ya dakika tano. Pampu safi. Hewa imejaa kwenye mipira, maji yamepungua. Nikalala chali na tochi, nikapata klipu moja inayobana mpira wa maji chini ya betri imelegea, tone linatoka, linakauka, linatoka. Hata chokaa nyeupe ilishajijenga pale. Ningetazama asubuhi badala ya kufumba macho, ningeiona. Nikabana klipu, tukaongeza maji, kompyuta ikaiamuru pampu izunguke kwa nguvu mpaka mapovu yakaisha kwenye tanki. Taa nyekundu ikazimika. Ilikuwa saa nane na robo.

"Haya, Daktari," shemeji alisema, anapangusa jasho, amefurahi, ameshasahau ugomvi wa simu. "Msikilizie dada yako aende zake."

Mafundi wengine wawili walisimama kutazama, maana huwa wanasimama. Nikaokota bisibisi. Dada alikuwa ameshafunga mkanda, ananitazama kupitia kioo, anatikisa kichwa taratibu kuniambia nifanye tu. Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, na gari lenyewe zima. Shemeji angebaki na fundi wake, mimi ningebaki na kiti changu pale mlangoni na jina langu.

Lakini mkono ulipoinua bisibisi nilimkumbuka mwalimu mmoja wa kike mwenye gari dogo la kijani, wiki mbili zilizopita. Alisema gurudumu la mbele linalia likishika kasi, kama mluzi. Tulizunguka mtaa vioo vimefungwa. "Unausikia?" aliniuliza. Nikamwambia hakuna mluzi, ni barabara tu, mama, masikio yako yamechoka. Tena nilimcheka. Mwenyewe akacheka, akaniamini, akaondoka. Mluzi wa namna hiyo huwa ni wa beringi inayokufa, na ikikatika gurudumu linaweza kung'oka gari likiwa mwendoni.

"Sisikii," nikasema.

"Husikii nini? Kuna tatizo jingine?"

"Gari halina tatizo. Mimi ndiye sisikii, shemeji. La kulia limekufa, la kushoto linafuata."

Fundi mmoja alicheka, akidhani ni utani, kisha akaacha. Shemeji alinisogelea, akasimama mbele yangu uso kwa uso. Nilitegemea atapiga kelele. Ningependa apige kelele, angalau ningemsikia.

"Tangu lini?" Nilisoma midomo yake.

"Miezi minne."

Aligeuka akampungia dada mkono aende. Dada alisita, akashusha kioo akasema kitu ambacho sikukipata, kisha akaondoka, kwa sababu kuna watu sita walikuwa wanamsubiri na mmoja kati yetu ilibidi afike kwa wakati. Shemeji akaingia ofisini akarudi na daftari la magari yanayotoka, lile lenye jina la mteja, namba ya simu, na safu ya mwisho yenye sahihi yangu. Akafungua kurasa za miezi minne nyuma. Sahihi ziliteremka ukurasa hadi ukurasa, zote nzuri, zote za mtu anayejiamini.

"Yapi yanaweza kuwa na kasoro?" aliuliza, safari hii kwa sauti kubwa, kila silabi peke yake.

"Sijui. Yote."

Alifumba macho, akayafumbua. Hakunifukuza, hakunifariji. Alivuta stuli mbili, akaketi kwenye moja, akaweka simu ya gereji mezani na kuwasha spika. "Anza," alisema.

Nilianza na yule mwalimu. Simu iliita muda mrefu, kwa jinsi nilivyoona kwenye kioo chake, na dakika zilipoanza kuhesabu nikajua amepokea. Nikajitaja. Nikamwambia gari lake nililipitisha mimi, kwamba mluzi aliousikia ulikuwepo, kwamba masikio mabovu yalikuwa yangu na si yake, na alirudishe leo, na asiliendeshe kwa kasi. Nilisema yote kwa mkupuo kwa kuogopa kunyamaza katikati. Kisha nikasubiri. Kutoka kwenye spika ilikuja sauti nyembamba iliyochanganyika na upepo, sikuweza kuokota hata neno moja. Nikamtazama shemeji.

Uso wake ulikuwa umebadilika. Aliinama kwenye sikio langu la kushoto.

"Anasema yuko barabara kuu. Ana watoto nyuma."

"Mwambie asimame," nikasema. Kisha nikakumbuka kwamba anayeongea naye ni mimi, nikaishika ile simu kwa mikono miwili nikapiga kelele asimame, asimame hapo hapo, asogee pembeni asimame, na nikaendelea kulirudia neno hilo hilo mpaka shemeji aliponishika bega na kunitikisia kichwa kwamba amesimama.