Chipu Mbili za Zahanati

Miaka kumi na tisa nafungua redio na televisheni za watu hapa Ujiji, na mezani kwangu chipu mbovu hukaa kushoto, nzima kulia. Nani aje kunifundisha leo? Asubuhi ile binti yangu Happiness alinionya, "Baba, hii mashine mpya ya kunakili chipu, nzima inawekwa kushoto. Soma karatasi yake." Nikamwambia hiyo karatasi akafungie karanga.

Nilikuwa na haraka. Dada yangu Eufrasia alikuwa amelazwa zahanati ya Mwandiga, mapafu yamemchoka, na mashine yake ya oksijeni ilikuwa imezimika tangu usiku. Chipu yake ilikuwa imepoteza maagizo yote. Kitanda cha pili alilala Mzee Ngendakumana, naye ana mashine kama hiyohiyo, nzima kabisa. Nilichotaka ni kunakili chipu yake tu.

Binti wa mzee, Mélanie, hakusita. "Chukua, fundi. Baba leo ana nafuu."

Muuguzi Catherine akaweka mtungi mmoja wa oksijeni katikati, mrija huku, mrija kule. "Fanya upesi," akasema. "Huu wa mwisho. Mwingine utaletwa jioni, na kwa wawili haufiki hata saa kumi."

Nikachomoa chipu zote mbili mezani kwa Catherine. Mbovu kushoto, nzima kulia, mkono unajua wenyewe. Nikabonyeza. Taa ikawaka kijani, nami nikatabasamu, mjinga mimi!

Niliporudisha chipu ya dada, mashine kimya. Nikairudisha ya mzee. Kimya. Ndipo nikakumbuka maneno ya Happiness: nzima kushoto. Nilikuwa nimechukua utupu wa ile mbovu nikaumwaga juu ya ile nzima, na mashine hii haiweki nakala ya akiba. Hakuna pa kuyatoa tena yale maagizo.

"Vipi?" Catherine akauliza.

Ningesema. Wallahi ningesema, maneno yalifika mdomoni. Lakini Mélanie alikuwa ananitazama kwa heshima ile wanayopewa mafundi, na mimi heshima naipenda kuliko chakula.

"Mashine ya mzee nayo ni mbovu," nikasema. "Ilikufa siku nyingi. Ilikuwa inanguruma tu, hewa ya maana haitoi."

Catherine akaguna. Akautazama mtungi, akamtazama mzee, kisha dada yangu ambaye midomo yake ilishaanza kubadilika rangi.

"Kumbe!" akasema taratibu. "Basi siku zote hizi mzee anapumua kwa nguvu zake mwenyewe. Huyu ataweza kuvumilia mpaka jioni. Mama huyu hawezi."

Akamwinamia Mzee Ngendakumana, akamtoa mrija puani. Mzee hakubisha. Alifungua mdomo na kuanza kuvuta hewa, mabega yakipanda na kushuka.

Nilisimama pale na bisibisi mkononi. Neno moja tu lingetosha. Nikamwangalia dada yangu, rangi imeanza kumrudi, nikalimeza.

Mélanie akanifuata hadi mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Utusamehe, fundi," akasema. "Tumekupotezea muda na mashine mbovu. Hatukujua."

"Haidhuru," nikamjibu.